Cheti kipi kitakuvusha? CELTA, Trinity, TEFL ya mtandaoni na digrii ya ualimu, kwa anayetoka Mombasa

Walikuja kwa nyakati tofauti, lakini kila mmoja alinionyesha tangazo lile lile kwenye simu: kozi ya TEFL, yaani ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, ya saa 120, bei imeshushwa, ofa inaisha usiku wa leo, cheti kinatambulika dunia nzima. Wa kwanza ni mpwa wangu. Amemaliza Shahada ya Elimu katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, masomo yake ni Kiingereza na Fasihi, na sasa anafundisha Kisauni kwa mshahara wa bodi ya shule huku akingoja TSC imkumbuke. Wa pili ni kijana wa jirani, anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Nyali. Ana stashahada ya utalii, Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, na Kijerumani cha kuombea radhi wageni anacho pia.

"Mjomba, ninunue?" mpwa wangu aliuliza. Yule kijana hakuuliza. Yeye alikuwa ameshalipa.

Nimewaandikia wao, na yeyote mwingine aliyeona tangazo hilo. Karibu kila ulinganisho wa vyeti vya kufundishia Kiingereza, CELTA, Trinity na TEFL, ninaousoma umeandikiwa mtu mwenye pasipoti ya Uingereza au Marekani, kwa hiyo huanza na swali la cheti kipi ni bora. Mkenya akilianza swali hapo, atanunua cheti kizuri kisha agundue kuwa nchi aliyoitamani haimchukui hata angekuwa na vitano.

Anza na nchi

Korea Kusini ndiyo mfano ulio wazi. Visa ya mwalimu wa Kiingereza huko ni E-2, na kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Uzoefu wako na alama zako hazifiki hata mezani.

China imeandika kwa lugha ya upole zaidi. Kanuni yao inataka mwalimu mgeni wa lugha, kwa msingi, afundishe lugha yake ya mama, awe na digrii, na awe na uzoefu wa miaka 2 wa kufundisha lugha. Uzoefu huo husamehewa kwa mwenye digrii ya ualimu au cheti cha kimataifa cha kufundishia lugha. Isome tena polepole: cheti kinaziba pengo la uzoefu, hakizibi pengo la lugha ya mama. Na ofisa anapotafuta lugha yako ya mama, hutazama pasipoti. Hapo ndipo maajenti huingia na ujanja wao: ingia na visa ya masomo, ukifika utafundisha tu, wote hufanya hivyo. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu Julai 2013, inamtoza anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anaongezewa kizuizi cha siku 5 hadi 15. Ajenti hatakuwepo siku hiyo.

Vietnam na Thailand zina mlango ulio wazi kidogo. Vietnam humtaka mwalimu asiyehesabiwa mzawa wa Kiingereza awe na digrii, cheti cha kufundishia, na uthibitisho wa Kiingereza cha kiwango cha C1, ambacho kwa mtihani wa IELTS ni kuanzia alama 7. Thailand nayo inataka digrii, na shule humwombea mwalimu kibali kwa baraza la walimu la huko, Khurusapha. Mtu wa nchi kama yetu huongezewa mtihani wa Kiingereza kama TOEIC. Wafilipino wamejaa kwenye shule za Thailand kwa njia hiyo hiyo, na wanajua kwamba mshahara wa asiyehesabiwa mzawa mara nyingi huwa chini ya wa jirani yake aliyetoka Manchester, hata kama wanafundisha chumba kimoja.

Inauma, sitaficha. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Tumefanya KCSE kwa Kiingereza, tumeandika tasnifu kwa Kiingereza, tunashtakiwa na kuhukumiwa kwa Kiingereza. Halafu unaambiwa ulipe mtihani wa kuthibitisha kuwa unakijua. Lipa tu. Hasira haijawahi kupigwa muhuri.

Japani ndiyo inayosahaulika, na ndiyo ningeitazama mara mbili. Kwa visa ya mwalimu wa lugha shuleni, wanauliza digrii na kama umesoma angalau miaka 12 kwa lugha utakayoifundisha. Sasa hesabu. Katika mfumo wa 8-4-4, Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne. Darasa la nne hadi la nane ni miaka mitano, sekondari minne, chuo kikuu minne: kumi na mitatu. Omba barua za shule zako zote zinazosema hivyo, ile ya msingi ikiwemo. Kumtafuta mwalimu mkuu wa shule ya msingi uliyoiacha miaka kumi iliyopita ni kazi ya wiki nzima, lakini ni kazi rahisi kuliko kubadilisha uraia.

Na Ghuba, ambako sisi wa Pwani tuna jamaa. Falme za Kiarabu, Qatar, Oman na Saudia huuliza digrii kabla ya cheti chochote, na mara nyingi wanataka jina la somo liwepo juu yake, iwe Kiingereza au ualimu. Digrii hiyo lazima ipite Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa nchi husika kabla haijaaminiwa. Oman ina raha yake: Muscat utawakuta Waomani waliozaliwa au kulelewa Zanzibar na Mombasa, wanaongea Kiswahili kama majirani zako wa Mji wa Kale. Usidhani hilo litakupa kazi. Litakupa kikombe cha kahawa na mtu wa kukueleza mkataba wako kabla hujautia sahihi.

Umeona kinachojirudia? Digrii, digrii, digrii. Karibu kila mlango uliotajwa hapo juu unaanza na shahada ya kwanza, ya somo lolote wakati mwingine, na cheti cha kufundishia kinakuja nyuma yake.

Vyeti vyenyewe

| | CELTA | Trinity CertTESOL | TEFL ya mtandaoni |
|---|---|---|---|
| Anayetoa | Cambridge | Trinity College London | Kampuni yoyote |
| Saa za kozi | karibu 120 | angalau 130 | anazosema muuzaji |
| Kufundisha watu halisi | saa 6 | saa 6 | mara nyingi hakuna |
| Ngazi katika mfumo wa sifa wa Uingereza | 5 | 5 | nyingi hazina |
| Muda mfupi kabisa | wiki 4 hadi 5 | wiki 4 | wikendi chache |
| Gharama (shilingi) | zaidi ya laki moja na nusu | inakaribiana na CELTA | elfu chache na kuendelea |

Jedwali linaonyesha kuwa CELTA na Trinity ni ndugu. Waajiri huvichukua kwa uzito mmoja, na ukikuta kituo cha Trinity chenye nafasi na bei nzuri, usipoteze usingizi kwa sababu si Cambridge. Kitu kimoja cha Trinity nakipenda: somo la lugha usiyoijua. Wanagenzi hufundishwa saa 4 lugha ngeni kabisa, bila Kiingereza, kisha waandike walivyojisikia. Aliyepita chuoni kwa maalimu, akasoma alifu kwa kijiti kabla hajajua neno moja la Kiarabu, ataandika insha hiyo kwa machozi ya kicheko.

CELTA nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa niliifanya mwenyewe.

Ukiomba, wanakupa kazi ya maandishi ya sarufi, kisha mahojiano. Ukikubaliwa, unafundisha saa 6 mbele ya mkufunzi, kwa vipande vya dakika arobaini hivi, wanafunzi wa viwango viwili tofauti. Unatazama walimu wazoefu kwa saa 6 nyingine. Unaandika kazi nne, kila moja maneno 750 hadi 1,000: moja juu ya mwanafunzi mmoja na shida zake, moja ya kuchambua sarufi na msamiati, moja ya stadi kama kusoma au kusikiliza, na ya mwisho juu ya uliyojifunza darasani. Hakuna mtihani wa mwisho. Ama unafaulu, au unafaulu kwa daraja B au A, au unaanguka.

Sasa kinachouma. Katika shule zetu mwalimu bora ni yule anayeeleza. Anasimama, anaandika ubaoni, darasa linaitikia kwa pamoja. Kwenye CELTA maelezo marefu ndiyo dhambi ya kwanza. Mkufunzi amekaa na kalamu, anapima unaongea kiasi gani na wanafunzi wanaongea kiasi gani, na ukizidi anaandika. Unatakiwa uwavute waseme wenyewe, kisha uwaulize maswali mafupi ya kuhakikisha wameshika maana, na "mmeelewa?" si swali, maana kila darasa duniani hulijibu ndiyo. Walimu wazoefu wa Kenya ndio huumia zaidi. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na mmoja, na somo langu la kwanza lilirudi na maandishi ya mkufunzi marefu kuliko mpango wa somo wenyewe. Msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye hakuwahi kushika chaki alinipita wiki hiyo. Hakuwa na mazoea mabaya ya kuvuliwa.

Ila Mswahili ana mtaji ambao kozi haimwambii. Mwambie Mwingereza akueleze tofauti ya I ate na I have eaten, wengi hukwama, kwa kuwa hawajawahi kuifikiria. Sisi tuna nilikula na nimekula, na tumezitenga tangu tukiwa watoto. Mtego uko kwenye vitenzi vya hali: amevaa kanzu hatusemi he has worn, ni he is wearing, amesimama mlangoni ni he is standing. Mwalimu aliyeliona hilo katika lugha yake mwenyewe hujua mahali Kiingereza kinapopinda, na anaweza kumshika mwanafunzi mkono hapo. Pa kujitahidi ni a na the, kwa sababu Kiswahili hakina vineno hivyo, na irabu, kwa sababu zetu ni tano tu na ship na sheep kwetu hutaka kuwa kitu kimoja. Mahojiano hupenda kugusa mambo ya namna hii. Usiende ukitegemea ufasaha wa kuongea.

Tangu 2020 Cambridge imeruhusu kozi nzima kufanywa mtandaoni, wanafunzi wako wakiwa kwenye skrini, na kwa mtu wa Mombasa hiyo ndiyo njia nyepesi: hununui tikiti wala hulipi nyumba ya watu. Angalia saa tu. Kozi inayoanza saa tatu asubuhi London ni saa sita mchana kwetu wakati wa baridi yao, saa tano wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo asubuhi yako iko huru na jioni yako imekwisha. Na angalia stima. Yangu ilikatika Tudor katikati ya somo la nne, mkufunzi akitazama, wanafunzi wakitazama, mimi nikiwa nimeganda kwenye skrini zao mdomo wazi. Nilirudi kwa data ya simu baada ya dakika sita. Nilifaulu somo hilo kwa tundu la sindano. Kabla ya kulipa laki na zaidi, tafuta kompyuta yenye betri inayoshika, bando la akiba, na rafiki mwenye jenereta.

Hii TEFL ya saa 120

TEFL si jina la cheti kimoja. Ni jina la kazi: kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni. Kampuni yoyote inaweza kuandika maneno hayo juu ya karatasi, ikachora nembo, ikaongeza chapa za mashirika ya ithibati ambayo mengine yamezaliwa ili kuzithibitisha kampuni za namna hiyo hiyo. Saa 120 ni saa alizohesabu muuzaji. Nimemwona mtu akizimaliza kwa siku mbili za Idi.

Zipo zilizo bora. Baadhi ya kozi za mtandaoni zimesajiliwa kama ngazi ya 5 na Ofqual, msimamizi wa sifa za Uingereza, na rejista ya Ofqual iko wazi kwenye intaneti. Andika jina la cheti, lisipotokea, mambo yamekwisha. Hata hizo nyingi hazina mwanafunzi wa kumfundisha. Unajifunza kuogelea kwa kusoma.

Je, ni utapeli? Hapana. Mwenye digrii anayekwenda nchi inayodai tu "cheti cha kufundishia", kile cha saa 120 kinaweza kumtosha ofisa wa vibali, na hapo kulipa laki na nusu ni kujionyesha. Kinamfaa pia anayetaka kuanza kufundisha mtandaoni. Kisichoweza kufanya ni kumpa digrii asiye na digrii, wala kumpa ujasiri wa siku ya kwanza mbele ya watoto thelathini wa Hanoi. Wakubwa wa shule nzuri wanaijua tofauti, na huuliza swali moja tu kwenye mahojiano: umefundisha mbele ya mwangalizi saa ngapi? Jibu la sifuri linasikika hata kwa Zoom.

Delta nayo, cheti cha juu zaidi cha Cambridge, ngazi ya 7, ni ya mwalimu aliyekwisha kuiva na anayetaka kuwa mkufunzi. Iache mpaka baadaye.

Digrii ya ualimu na namba ya TSC

Hiki ndicho kitu ambacho mpwa wangu alikuwa amekidharau. Shahada ya Elimu yenye Kiingereza, pamoja na usajili wa TSC, ni sifa ya ualimu kamili, na shule za kimataifa, zile zinazofuata mtaala wa Uingereza au ule wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate), zinatafuta walimu wenye sifa kamili. Hapo haombi kazi ya mwalimu wa Kiingereza kwa wageni. Anaomba kazi ya mwalimu wa Kiingereza, au wa Fasihi, na mashindano yanabadilika sura. Mshahara pia. Namba ya TSC ni kitu ambacho mwajiri wa Doha anaweza kukithibitisha. Cheti cha kozi ya wikendi hakina wa kumthibitishia. Akitaka kupanda zaidi, zipo PGCE za kimataifa, vyeti vya ualimu vya baada ya digrii, zinazosomwa kwa mbali na vyuo vya Uingereza, ila asichanganye: nyingi hazimpi leseni ya kufundisha shule za serikali za Uingereza.

Nongwa moja hapa. Mwenye P1 ya zamani, kile cheti cha ualimu wa shule za msingi, au ile stashahada ya msingi iliyochukua nafasi yake 2021, ni mwalimu aliyefunzwa kuliko mwenye digrii ya biashara na TEFL ya mtandaoni. Niulize mimi niliyefanya kazi na wote wawili. Lakini visa nyingi husoma neno shahada, hazisomi mikono ya mwalimu wa Shanzu iliyofundisha darasa la watoto sitini kusoma. Kama wewe ni huyo, pesa ya CELTA itie kwenye digrii ya jioni au ya likizo kwanza.

Kubaki Mombasa na kufundisha nje

Kabla ya Julai 2021, maelfu ya walimu duniani walikuwa wakiwafundisha watoto wa China Kiingereza kwa kamera. Mwezi huo serikali ya China ilibana masomo ya ziada, na walimu walio nje ya nchi wakazuiwa kuwafundisha watoto wa huko. Soko lile lilikufa kwa tangazo moja, na bado nakutana na matangazo ya kozi yanayoliuza kana kwamba liko hai.

Lililobaki ni tovuti kama Preply na italki, ambako mwanafunzi humchagua mwalimu mwenyewe. Hapa pasipoti haina nguvu kubwa, digrii si sharti, na TEFL ya bei nafuu inapendezesha wasifu. Malipo ya mwanzo ni madogo, na unashindana na dunia nzima. Ushauri wangu mmoja tu: usijifanye Mmarekani. Mwanafunzi hugundua dakika ya tatu. Jiuze kama ulivyo, mtu aliyejifunza Kiingereza kama lugha ya tatu na anakumbuka njia.

Na kwenye tovuti hizo hizo kuna lugha ambayo hakuna atakayekuuliza cheti cha IELTS. Kiswahili. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na wanaotaka kujifunza wapo: wafanyakazi wa mashirika, wachumba wa Waswahili, wanafunzi wa vyuo. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni huwapeleka walimu vijana, Wakenya wakiwemo, kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka wa masomo. Kwa mpango huo wewe ndiye mzawa wa lugha, na Mwingereza ndiye angedaiwa uthibitisho. Mbinu ni zile zile za CELTA. Mtu wa Mombasa aliyeketi na Kiswahili chake barazani akakimbilia kuuza Kiingereza cha watu, mimi humtazama kwa huruma kidogo.

Karatasi za kutafuta ukiwa hapa

Cheti cha tabia njema cha DCI kinaombwa kwa eCitizen, shilingi 1,050, na alama za vidole zinachukuliwa Huduma Centre. Usikichukue mapema mno. Waajiri wanataka kipya. IELTS huhesabiwa miaka 2, kwa hiyo usikae mtihani leo kwa safari ya baada ya miaka mitatu. Muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje na wa balozi nyingi unataka Nairobi: treni ya SGR, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 kwenda tangu Januari 2024, na panga siku mbili za kulala kwa jamaa, maana ofisi hazipokezani vizuri. Ajenti akikuambia atakusafirisha, tafuta jina la kampuni yake kwenye orodha ya walioidhinishwa na National Employment Authority kabla hujatoa hata nauli ya tuktuk. Anayekuomba pesa ya visa kwa namba yake binafsi ya M-Pesa, mpe chai, umsindikize mpaka mlangoni.

Hao wawili

Mpwa wangu nilimwambia asinunue kitu. Akamilishe usajili wa TSC, aombe barua za Kiingereza kutoka shule zake, apeleke digrii ikapigwe mihuri, kisha aombe shule za kimataifa za Ghuba na nafasi za Japani kwa pamoja. Akitaka CELTA, aifanye baada ya mwaka mmoja wa kazi, kwa pesa ya kazi hiyo. Alikunja uso. Alitaka niseme jina la cheti, si orodha ya ofisi.

Kijana wa jirani, kwa kuwa hana digrii, sikumpa ndoto ya Hanoi. Stashahada yake anaweza kuipandisha kuwa shahada, na hiyo ndiyo pesa yenye faida. Ile kozi aliyoilipia aimalize tu, aweke cheti kwenye wasifu wa mtandaoni. Alimaliza kwa siku tisa. Cheti kilimfikia kwa barua pepe usiku wa manane, na sikumcheka, kwa sababu alikuwa amesoma kweli, na madaftari niliyaona.

Ameanza na mwanafunzi mmoja, Mjerumani aliyestaafu anayeishi Mtwapa. Mara mbili kwa wiki, pesa taslimu. Anamfundisha Kiswahili. Juzi alinisimamisha penye kijia, bado kavaa sare ya hoteli, akaniuliza: "Mwalimu, yule mzee ananisumbua. Kwa nini mtu akiwa usingizini tunasema amelala, na akiamka asubuhi tunamuuliza umelalaje? Amelala ni sasa au ni jana?"